Ngiri Aliyepewa Jina la Bibi Yangu

Harufu ndiyo iliyonirudisha. Nyasi kavu zilizolowa mkojo, maziwa ya unga yaliyoanza kuchacha, na lile fukuto la manyoya ya mnyama mchanga asiye na mama. Nilikuwa nimesimama ndani ya kibanda cha mbao nje kidogo ya London, mahali wanapolea wanyama wa porini waliogongwa na magari au walioachwa na mama zao. Wapo bundi, wapo kalunguyeye, wapo mbweha. Mwanangu Hamadi alitupeleka kwa gari kutoka Lewisham, mimi na mjukuu wangu Nasra, Jumamosi moja ya mvua ile nyembamba ya huku ambayo hainyeshi wala haiachi kunyesha. Soksi zangu zilikuwa zimeshalowa, lakini sikulalamika. Mtoto alikuwa na furaha.

Basi akatoka binti mmoja mhudumu, Becky jina lake, kavaa mabuti ya mpira mpaka magotini, kakumbatia taulo. Ndani ya taulo mna kitoto cha mbweha, macho yake ndiyo kwanza yamefunguka. Akawaambia watoto waliokuwapo kwamba huyu hajapata jina bado, nani atampa? Nasra akawahi kunyoosha mkono.

"Mwantumu," akasema.

Kisha akaeleza kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba hilo ni jina la bibi yake, na bibi mwenyewe ni yule pale, mwenye kanga ya buluu ndani ya koti. Watu wakageuka kunitazama. Wakapiga makofi ya polepole, kama wapigavyo watu wa huku wakiguswa na jambo. Becky akachukua chaki aandike kwenye kibao cha mlangoni.

Nikasema hapana.

Ndani ya gari mambo yalikuwa mazito. Nasra kageuzia uso dirishani, anachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Hamadi akaendesha kitambo, halafu akaanza.

"Mama, ni mnyama tu. Mtoto alitaka kukuheshimu."

"Niheshimiwe kwa mbweha? Yule yule anayepasua mifuko ya taka pale mlangoni petu?"

"Wenzako huku wanaomba wenyewe wanyama waitwe majina yao."

"Basi waitwe. Mimi sikuomba."

"Umemwaibisha mbele za watu, mama."

Mbweha walimwita Biskuti. Jina zuri kwa mbweha, wala sina neno nalo. Lakini hilo la "mnyama tu" limenikaa kooni mpaka leo, na kwa sababu Hamadi akiniona nafungua mdomo juu ya jambo hili hukumbuka simu ya kupiga, nimeona niwaambie ninyi. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka. Majina, hata hivyo, siyasahau. Ya watu, ya wanyama, hata ya punda wa jirani.

Nilizaliwa nje ya Dar es Salaam, upande wa vilima vya Pugu, enzi zile Dar es Salaam ikiwa ndiyo makao makuu ya nchi, na Waingereza wakiwa bado ndio wenye amri. Baba yangu aliitwa Salum, mama yangu Zena. Tuliishi na bibi, mama yake baba, Bi Mwantumu binti Kondo. Mimi nilipozaliwa nikapewa jina lake.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana bila ya hili hamtaona kosa liko wapi. Kwetu mwanamke hatamki jina la mama mkwe wake. Hata jina hilo likiwa la mwanawe wa kumzaa, halitamki. Mama yangu alinibeba, akaninyonyesha, akanisuka nywele, akanichapa, na katika yote hayo sikupata kumsikia hata siku moja akiniita Mwantumu. Aliniita Bi Mdogo. Nikiunguza wali, Bi Mdogo. Nikipatwa na homa, Bi Mdogo. Baba aliniita mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake, mwanamume mzima, ndevu zimejaa, anakuja kutoka kazini na kuniambia, "Mama, niletee maji." Nilijiona mkubwa kweli. Na bibi aliniita somo, nami nikamwita somo, maana ndivyo waitanavyo watu wa jina moja. Tulikuwa na mambo yetu. Akila kichwa cha samaki hunibakishia jicho. Mtu akinigombeza husema, "Mnamgombeza somo yangu, mnanigombeza mimi."

Kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa kama kanga nzuri iliyokunjwa chini ya sanduku. Lipo, kila mtu anajua lipo, lakini halikokotwi ovyo.

Baba alikuwa na kazi kwa mwanamke mmoja wa Kiingereza, Miss Dora. Sisi tulimwita Mama Chupa, kwa sababu hakuonekana bila chupa ya maziwa yenye chuchu ya mpira. Alikuwa na nyumba juu ya kilima, na nyuma ya nyumba alijenga mabanda na nyua za seng'enge akalea wanyama yatima. Siku za mapumziko wazungu wa mjini walikuja na watoto wao kuangalia. Baba alikata majani, akasafisha mabanda, akabeba maji. Pia alijua Kiingereza kiasi, alichokiokota bandarini zamani alipokuwa kuli, na hapo kilimani hakuna mwingine aliyekijua. Kwa hiyo ndiye aliyekuwa mdomo wa Mama Chupa kwetu na mdomo wetu kwa Mama Chupa.

Sitasema alikuwa mwanamke mbaya. Nataka kuwa mkweli hata nikiwa na hasira. Swala mchanga alilala naye chumbani. Tumbili alipougua alimshinda mama mzazi kwa kumpepea. Kiswahili chake kilikuwa karibu, leta, toa, na upesi. Hapo ndipo kilipokomea, na alikuwa kaishi pale tangu kabla sijazaliwa.

Siku ya pili ya Sikukuu ya Idi akawaalika wafanyakazi walete familia zao, wakaone wanyama wanaotunzwa na waume zao. Nyumbani pakawa na kishindo. Mama akakanda, bibi akachoma vitumbua mwenyewe tangu alfajiri, kwa kuwa haendi mtu mikono mitupu kwa watu. Bibi alivaa kanga mpya, doti nzima, akajifukiza udi, akikupita unajua umepitwa na mtu. Mimi nilivaa gauni la njano na viatu vya Idi vilivyonibana. Tukapanda kilima, baba mbele, mama na mdogo wangu mgongoni, bibi na kikapu chake cha vitumbua kilichofunikwa kwa kawa.

Mama Chupa alitupokea vizuri. "Karibu, karibu sana," mara nyingi kuliko inavyohitajika. Chini ya hema walikaa wageni wake wazungu na vikombe vya chai. Akatutembeza yeye mwenyewe, baba akieleza kwa Kiswahili. Huyu swala anaitwa Zuhura. Huyu tumbili anaitwa Musa. Huyu kobe anaitwa Mzee Kombo. Hapo Athumani, mlinzi wa lango, akacheka kicheko kifupi akaangalia chini. Mzee Kombo lilikuwa jina la baba yake.

Mbwa wake wawili, waliolala juu ya zulia, waliitwa Diuki na Prinsi, vyeo vya kwao.

Tukafika kwenye ua mdogo wenye majani makavu. Ile harufu sasa, maziwa na mkojo. Mama Chupa akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti iliyovuka kilima kizima:

"Mwantumu! Mwantumuu!"

"Abee!" nikaitika, nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma. Ndivyo nilivyofunzwa; mkubwa akikuita unaitika na kukimbia. Na nyuma yangu nikasikia sauti nzito ya bibi, naye kafunzwa vilevile miaka mingi kabla yangu: "Labeka."

Majanini kikachomoza kitoto cha ngiri. Kimekunja uso, mkia umesimama wima kama mlingoti, kinakimbia kwa mlio ule wa nguruwe mpaka kwenye sketi ya Mama Chupa, kikaanza kutafuta chupa kwa pua. Chini ya hema wakacheka. Mtoto mmoja wa kizungu alininyooshea kidole mimi, kisha akamnyooshea ngiri, mimi tena, ngiri tena, mpaka mama yake akamshika mkono.

Niligeuka kumtazama mama. Alikuwa kajifunika mdomo kwa kanga na kuelekea ukutani, mabega yamepanda, kama vile yeye ndiye aliyelitamka. Miaka yote ile kalihifadhi mdomoni mwake, leo linapigiwa kelele uani.

Bibi hakupaza sauti.

"Salum."

"Naam, mama."

"Jina langu limefikaje humu bandani?"

"Aliniuliza, mama. Aliniuliza, mama yako anaitwa nani."

"Ukamwambia."

"Nilijua anataka kukuletea salamu. Mtu akikuuliza jina la mama yako..."

"Anataka kukuombea dua au anataka kukuroga. Moja katika hayo mawili. Hajaonekana bado anayeuliza ili ampe nguruwe."

Athumani akakohoa. Nadhani alikuwa anazuia kicheko, au jambo jingine. Baba alipangusa viganja vyake kwenye kaptura, akapangusa tena, ingawa vilikuwa vikavu.

"Nitasema mimi," bibi akasema. "Wewe mfikishie."

Akaweka kikapu chini, akajikaza kanga, akamwelekea Mama Chupa uso kwa uso. Sijasahau hata neno moja.

"Mama, nimekuja kwako na sikukuu, nimekuletea vitumbua nilivyochoma kwa mikono yangu. Wewe umemlisha mwanangu, nami nakushukuru kwa hilo. Lakini jina hili alinipa mama wa baba yangu. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, nimezika nalo. Nimempa mtoto huyu. Mama yake mtoto huyu anakula nami sahani moja na hajathubutu kulitamka. Wewe unamwitia mnyama ambaye mimi akinigusa inanipasa nijioshe kwa udongo. Mwite utakavyo. Ikiwa kwenu ni heshima, mwite jina la mama yako. Langu nirudishie."

Hata ngiri alinyamaza, kapata chupa.

Baba alimtazama Mama Chupa. Akasema:

"Shi iz veri hepi, memsabu."

Sauti hizo nilizisikia, zikaingia, zikakaa. Sikujua maana yake. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa gudi moningi ticha.

Mama Chupa akaweka mkono kifuani. Macho yakamlengalenga machozi. Akaongea maneno mengi, anacheka na kulia pamoja, kisha akainama akamwinua yule ngiri, akamsukumia bibi kifuani, na chupa akampa mkononi. Bibi hakupokea. Mikono yake ilibaki chini. Ngiri akapangusa pua yake yote, na maziwa yake na mate yake, juu ya kanga mpya ya Idi.

"Hajasikia, Salum," bibi akasema. "Mwambie tena."

"Veri, veri hepi," baba akasema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto.

Chini ya hema wakapiga makofi.

Hapo bibi akautazama uso wa Mama Chupa, lile tabasamu lililofika masikioni. Kisha akamgeukia mwanawe akamtazama yeye. Alimtazama kwa muda, bila kukunja uso. Nilingoja. Nilijua sasa ndiyo atasema lile kubwa, maana bibi yangu nilimjua, alipata kumnyamazisha mpaka karani wa jumbe. Badala yake akaokota kikapu, akakiweka taratibu juu ya meza ya chai katikati ya wale wazungu, akasema, "Vitumbua vyenu hivi." Na kwetu: "Twendeni."

Nakwambieni, nilikasirika hasira ambayo mtoto hajui aiweke wapi. Kwa akili yangu Mama Chupa alikuwa amesikia yote. Amesikia mama wa watu anadai jina lake, akacheka, akampaka nguruwe. Na bibi naye akampa vitumbua. Vitumbua nilivyokuwa nimevinyemelea tangu asubuhi nikakatazwa, akawapa wao.

Kwenye kijito chini ya kilima bibi alivua ile kanga ya juu, akaifua kwa udongo na maji, mama akimmiminia. Baba alikuwa amebaki kazini. Bibi alipomaliza akaitandika juu ya kichaka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema kesho tutapika kunde:

"Kuanzia leo mimi ni Mama Salum. Mwantumu ni huyu mtoto."

Na ikawa hivyo. Bi Tatu wa nyumba ya pili, aliyecheza naye tangu wadogo, alisahau akamwita jina lake pale uani. Bibi aliendelea kupepeta mchele. Bi Tatu akaita tena, akaita tena, mwishowe akasema kwa unyonge, "Mama Salum," na bibi akageuka akamwitikia vizuri na kumkaribisha mkeka. Kijiji kizima kilijifunza.

Mimi kisimani nililipata langu. Habari ilishuka kilima kabla yetu. Shomari mtoto wa Athumani ndiye aliyekuwa wa kwanza: "Mwantumu, kimbia, chupa yako inapoa." Mwajabu akakoroma kama ngiri, na wengine wakafuata, mpaka kukoroma kukawa ndiyo salamu yangu. Nilipigana na Shomari mpaka ndoo ikabonyea. Nilirudi nyumbani na mdomo umepasuka, nikamwendea bibi jikoni.

"Somo, kwa nini ulimwachia?"

Alikuwa anachochea moto. Hakuinua kichwa.

"Usiniite somo. Mimi si somo yako tena. Mimi ni bibi yako, basi."

Mdomo uliopasuka ulipona. Hilo la jikoni halikupona upesi. Nilikuwa nimepoteza kitu changu pekee katika nyumba ile, kitu ambacho wadogo zangu hawakuwa nacho, na kila nilipotafuta nani kanipokonya nilimwona Mama Chupa na chupa yake, na nyuma yake kidogo nilimwona bibi, anaweka kikapu mezani. Nilimwona kashindwa. Niliona bibi yangu kumbe ni mwoga kama watu wengine, mbele ya mzungu anarudi nyuma.

Baba naye aliacha kuniita mama. Akaanza kuniita wewe binti. Jioni alikula kainama. Bibi ndiye aliyempakulia, na alimpakulia kipande kizuri cha samaki kila siku, na hawakuzungumza.

Uhuru ulipokaribia Mama Chupa aliuza nyumba, akafunga masanduku, akarudi kwao. Mabanda yakafunguliwa. Zuhura na Musa wakatoka, Mzee Kombo hakujali, na ngiri, mkubwa sasa, mwenye pembe, akaenda zake porini na jina letu. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alikufa akiwa Mama Salum.

Sasa niwalete London. Nilikuja huku kumfuata mume wangu, marehemu Rashidi. Tukakaa Barking, kisha Lewisham, nami nikapata kazi ya kufagia na kupiga deki hospitalini. Kiingereza changu nilikiokota sakafuni, kidogo kidogo, kama baba alivyookota chake bandarini. Katika wodi moja alilazwa mama wa Kihindi kutoka Tooting, Kamla jina lake, aliyezaliwa na kukulia Mwanza. Siku aliyosikia nikijisemea Kiswahili nikikamua dekio, alilia. Tukawa marafiki. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: hataki kupelekwa kwenye nyumba ya kulea wazee. Anataka kurudi kwake, kwenye jiko lake.

Siku moja daktari akaja, na mwanawe Kamla akaja kumtafsiria, kijana mwenye tai, mnyenyekevu. Kamla akaanza kusema kwa Kigujarati, sauti ikapanda, akapiga shuka kwa kiganja, na aliponiona mlangoni akachanganya na Kiswahili: "Sitaki. Sitaki nyumba ile. Mwambie sitaki." Kijana akapangusa viganja vyake kwenye suruali. Akamgeukia daktari, akatabasamu, akasema:

"She is very happy."

Dekio lilisimama mkononi mwangu. Msimamizi wangu aliniuliza kama naumwa.

Jioni ile nilikaa kwenye basi nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza na kingine. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu utotoni kama mtu aliyebeba barua asiyoweza kuisoma, na leo nimesomewa. Bibi yangu hakusikika. Hakuna hata neno lake moja lililovuka ua ule. Alisema yote, mbele ya watu wote, na kilichofika upande wa pili ni kwamba bi kizee amefurahi.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa mzee sasa, macho yana utando, anakaa kibarazani na redio. Nilimuuliza. Hakujifanya hajui ninalouliza.

"Kiingereza cha kuyasema nilikuwa nacho," akaniambia. "Usije ukadhani sikuwa nacho. Ningeyafikisha vile, pale pale ningeambiwa kesho usije. Na ninyi mlikuwa mnakula kwa mikono ya nani?"

"Bibi alijua?"

"Alijua. Mtu haambiwi maneno yale akatabasamu. Alimwangalia yule, akaniangalia mimi, akajua."

"Akakwambiaje?"

"Hakuniambia kitu. Miaka yote ile, mpaka namzika, hakuniuliza hata siku moja. Angenitukana ningepona." Akafungua redio, akaizima. "Akawa ananipakulia samaki."

Basi ndipo nilipomwona bibi yangu, mimi mwenyewe nikiwa na wajukuu. Pale uani aliona vitu viwili haviwezi kurudi nyumbani pamoja, jina lake na kazi ya mwanawe. Angesema neno la tatu, Athumani asiyejua Kiingereza angelielewa, wageni wangeelewa, Salum angeumbuliwa na mama yake mwenyewe mbele ya wazungu na mbele ya mke wake. Akaliacha jina. Na mimi akanivua usomo makusudi, maana mtu na somo yake hugombea jina lao pamoja, na ningebaki somo yake ningekua nikimchukia baba yangu. Aliutoa ugomvi mikononi mwangu, mimi nikaona ananisukuma. Nilimwita mwoga moyoni mwangu, naye alikuwa anachochea moto wa chakula changu.

Lakini msidhani kujua huko kumenipoza. Hasira ya baba imeniisha, nilimwachia pale kibarazani. Ya yule mwanamke haijaisha. Alijua kilio cha swala mwenye njaa na kilio cha swala mwenye baridi, alivitofautisha gizani. Mwanamke mwenzake akasimama mbele yake mchana, mikono chini, kanga imechafuliwa, uso uko vile, na yeye akasubiri aambiwe maana yake. Mama yake mwenyewe aliitwa nani? Sijui hadi leo. Majina yote nayakumbuka na hilo sikupata kulisikia, kwa sababu hakuna mnyama aliyeitwa hivyo.

Na hili ndilo Hamadi asilolielewa, la pale kwenye kibanda cha mbweha. Niliposema hapana niliisema kwa Kiswahili, na Becky hakuelewa, akamtazama Hamadi. Hamadi akaanza kutabasamu. Mwanangu mwema, mpole, hapendi kumuudhi mtu. Nililiona lile tabasamu linakuja nikalijua nilikoliona. Nikaweka kiganja changu kifuani pake nikamwambia anyamaze. Kisha nikamwambia yule binti mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha ndoo na fagio, kwamba jina hili ni la watu, ni la bibi yangu, mnyama hapewi.

Becky akasema samahani. Akaweka chaki chini, akamwinamia Nasra akamwomba afikirie jina lingine. Basi. Hakukasirika, hakuna aliyefukuzwa kazi, mbweha aliendelea kulala ndani ya taulo lake.

Kumbe ilikuwa jambo jepesi hivyo.